Kima Aliyekata Mafumbo ya Mhunzi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Mwenye kusinzia, asinzie kwa sikio moja. Hadithi ije?

Ije na utamu wake!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakijengeana nyumba na kuombana chumvi, palikuwa na mhunzi, Nungunungu. Mchana alifua majembe. Jioni, kwa vipande vilivyobaki, alifua mafumbo ya chuma: pete iliyonasa ndani ya pete, misumari miwili iliyokumbatiana, kufuli lisilo na tundu la ufunguo. Yote madogo, ya kukaa kiganjani. Ukitaka kuyatenganisha, nguvu hazisaidii. Uzungushe, ufikiri, uzungushe tena.

Jirani yake, Kima, aliyapenda mafumbo hayo kuliko chakula. Kila lilipofuliwa jipya, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni. Kesho yake alirudi kifua mbele, vipande mkononi.

"Mzee Nungunungu, nimelifumbua!"

"Kweli, mwanangu?"

"Nimelifumbua!"

Kisha alilitundika ukutani kwake pamoja na mengine. Wageni walikuja kutazama, naye akawatembeza kama anayeonyesha shamba. Wakamwita Bwana Mfumbuzi.

Kumbe Kima hakuwahi kufumbua hata moja! La kwanza alihangaika nalo mpaka machozi yakamtoka, na huku alikwisha kujisifu sokoni. Akaona haya kurudi mikono mitupu. Akachukua tupa ya kukerezea chuma, akalikata: kere, kere, kere. Mkato akauziba kwa nta na masizi. La pili akalikata. La tatu akalikata. Baada ya hapo hakujaribu tena. Alianza na tupa moja kwa moja.

Siku moja Mama Nguchiro akaja kwa Kima na bintiye, Chausiku. Fumbo jipya, pete zilizosukana, lilikuwa juu ya kigoda, bado halijaguswa na tupa. Wakubwa wakizungumza, Chausiku akapenyeza mkono. Akavuta, pete zikabana. Akavuta tena, zikazidi kubana. Mkono ukaanza kuvimba.

"Mama! Mama, mkono unauma!"

Majirani wakajaa, lakini hakuna aliyeogopa. Si wapo kwa Bwana Mfumbuzi?

"Bwana Mfumbuzi, fumbua!"

Kima akazungusha kushoto. Wapi!

"Bwana Mfumbuzi, fumbua!"

Akazungusha kulia. Wapi!

"Bwana Mfumbuzi, fumbua!"

Akavuta, na mtoto akapiga ukelele.

Kima akaiwaza tupa yake. Lakini pete zilikwisha kuzama nyamani; tupa ingekula mkono pamoja na chuma. Akataka kusema kwamba mhunzi amekosea, fumbo hili ni bovu. Maneno yalikwisha kumfika mdomoni. Akaviona vidole vya Chausiku, vimekuwa rangi ya zambarau.

"Mama Nguchiro," akasema, "sijui kufumbua."

"Unasemaje?"

"Sijui. Yote haya niliyakata."

Watu wakageuka kutazama ukuta, kisha wakamtazama yeye. Mama Nguchiro hakumtukana. Alisema tu, "Basi kimbia. Kamwite aliyelifua."

Kima akakimbia, mkia chini. Akamkuta Nungunungu anafua.

"Mzee, mtoto amenaswa na zile pete zilizosukana!"

"Fanya kama ulivyofanya lile la mwezi uliopita. Fumbo hili ni ndugu yake. Si ulilifumbua mwenyewe?"

"Sikulifumbua, mzee. Nililikata."

Nungunungu akaweka nyundo chini polepole. Akachukua mafuta, akatangulia.

Alipofika, akampaka Chausiku mafuta. Badala ya kuvuta, akasukuma pete ndani, akazipindua kidogo. Zikalegea, zikaanguka. Mtoto akamkumbatia mama yake, akilia.

Ndipo Nungunungu akausogelea ukuta. Akapitisha ukucha kwenye fumbo moja, nta ikabanduka. La pili, nta. La tatu akalishika muda mrefu.

"Hili nililifua mke wangu alipokuwa mgonjwa," akasema. "Uliponiambia umelifumbua, nilifurahi. Nilidhani yupo mtu mmoja aliyeelewa nilichokuwa nikiwaza."

Kima alitamani apigwe. Hakuna aliyempiga.

"Ungeniambia limekushinda," akasema Nungunungu, "ningekaa nawe." Akaenda zake.

Kima akayaangua yote, akayapeleka kwa mhunzi, akaketi kwenye mivukuto ya kupulizia moto bila kuambiwa. Akavukuta siku nyingi. Mwishowe Nungunungu akampa fumbo jepesi kuliko yote, la kuchezea watoto. Kima akalizungusha pale pale barazani, mchana, watoto wakimcheka.

"Limekushinda?" wakauliza.

"Limenishinda."

Kesho yake vilevile. Uso ulimwaka, lakini hakwenda kujificha.

Mpaka siku moja, vipande vikaachana vyenyewe mkononi. Hakupiga kelele. Alimpelekea Nungunungu, akasimama.

Nungunungu akavipokea. Akapitisha ukucha upande huu, akapitisha upande ule, akitafuta nta. Kima akainamisha kichwa, akangoja. Hakuwa na la kulalamika.

"Naam, hapana nta," akasema mhunzi.

Watoto wangu, kushindwa mbele za watu ni aibu ya kupita. Ukidanganya, hata siku utakaposema kweli utakaguliwa, na utanyamaza ukaguliwe.

Hadithi yangu imefika mwisho wake. Ikiwa tamu, nipeni hilo hindi la kuchoma lililobaki. Ikiwa chungu, nipeni vilevile, nisafishe kinywa.