Ukiongeza Macho, Panua Njia

"Ukiongeza macho, panua njia." Mmemsikia mwenyekiti akiwaambia hivyo vijana wa ulinzi, nanyi mkacheka, mkaja kuniuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Chanzo chake ni kisa cha babu yenu Chilumba, na mimi nilikuwapo.

Wakati huo babu yenu alikuwa mpakizi katika ghala la korosho, pamoja na kaka yangu Ausi. Meneja wao alikuwa Bwana Mkwinda, mtu mwadilifu lakini mwenye haraka. Ghala lilikuwa na kamera nne, zote zikipeleka picha kwenye kompyuta ya ofisini kupitia kadi moja iliyochomekwa ndani yake. Zilifanya kazi vizuri. Kisha magunia yakaanza kupotea, na Mkwinda akaagiza kamera nyingine kumi na mbili.

Fundi wa kompyuta alikuwa binti mmoja wa Masasi aliyeitwa Tabia. Alimwambia Mkwinda, "Mzee, kompyuta hii ni ya zamani. Matundu yake ya kadi yote yanachangia njia moja kupeleka picha. Kamera zikiwa nyingi, zitagombania njia. Siku hizi kuna kompyuta ambazo kila tundu lina njia yake. Tuchukue hiyo na kadi zake."

"Aliyeniuzia kadi hii mpya ameniambia inapokea kamera kumi na sita."

"Kupokea itapokea. Kufikisha ndiko kwenye shaka."

Mkwinda hakutaka kungoja. Kadi hiyo mpya ikachomekwa kwenye tundu lile lile la zamani, kamera zote zikaonekana kiooni, naye akafurahi. "Sasa ghala lina macho kumi na sita," alisema. "Nani atanificha kitu?"

Haukupita muda mrefu, lundo la magunia likaporomoka likamwangukia Ausi, likamvunja mguu. Asubuhi hiyo yeye na babu yenu walikuwa wamegombana mbele ya watu juu ya shamba la marehemu baba yetu, mimi na Ausi. Mkwinda akafungua picha zilizorekodiwa. Katika picha moja, Chilumba amesimama, mkono wake uko juu ya lundo. Katika picha inayofuata, magunia yako chini na Chilumba amerudi nyuma.

"Amemsukumia," Mkwinda akasema. "Kesho nampeleka polisi."

Nilikimbilia hospitali kumuuliza kaka yangu. Akaniambia, "Dada, nilikuwa nimeinama. Sikuona kitu. Ila mumeo ana hasira." Nikatoka pale sijui nimlilie nani, aliyevunjika mguu au anayengojwa na pingu. Nikaenda moja kwa moja ofisini. Nikamkuta Mkwinda na Tabia mbele ya kioo.

"Mama, picha hizi hazina chuki na mtu," Mkwinda aliniambia kwa upole. "Zinaonyesha kilichotokea."

Tabia akasema, "Zinaonyesha kabla na baada, Mzee. Katikati haipo. Niruhusu nikuthibitishie." Akanigeukia. "Mama Somoe, nenda mlangoni, kisha tembea mpaka kwenye mzani huku ukipiga makofi."

Nikafanya hivyo, nikipiga makofi kama niliye ngomani, moyo wangu umejaa machozi. Niliporudi, Tabia akatuonyesha iliyorekodiwa. Nilikuwa mlangoni, mikono imeachana. Mara nikawa kwenye mzani, mikono bado imeachana. Safari yote haikuwapo. Hata kofi moja halikuwapo.

Mkwinda akairudia picha ile, akairudia tena.

"Picha haijasema uongo," Tabia akasema. "Imenyamaza. Nyingine zote zimekwama njiani zikatupwa."

"Kwa hiyo sijui kama alisukuma."

"Hujui. Wala hujui kama hakusukuma."

Mkwinda alivua miwani. "Basi siwezi kumfunga mtu kwa kitu nisichokiona. Chilumba akae nyumbani kwanza. Na wewe Tabia, lete hiyo kompyuta yako."

Ikaja. Tabia akachagua kadi mbili za aina mpya, akazigawia kamera, kila kadi kwenye tundu lenye njia yake. Akanitembeza tena mpaka kwenye mzani, na safari hii kila kofi lilionekana. Nyumbani, babu yenu alikuwa hali wala haongei. Watu walikuwa wameanza kukwepa baraza letu.

Kisha lundo jingine likaporomoka, mahali pale pale. Bahati njema hapakuwa na mtu. Mkwinda akafungua picha, na kila kitu kikaonekana hatua kwa hatua: nje, lori linarudi kinyumenyume na kugonga ukuta; ndani, ukuta unatikisika, gunia la juu linateleza, mengine yanafuata. Tabia akarudi kwenye picha za siku ya Ausi, za kamera ya nje. Zilikuwa chache na za kurukaruka, lakini moja ilitosha: tela la lori lilikuwa limeegemea ukuta ule ule.

Mkwinda hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe nyumbani, akamleta na Ausi kwa gari, mguu ukiwa bado kwenye plasta.

"Chilumba, nilikuhukumu kwa picha mbili," alisema. "Nisamehe."

Ausi naye akasema, "Shemeji, mimi nilikuhukumu bila hata moja."

Babu yenu alimshika Ausi mkono, akamwingiza ndani, akaniambia nipakue chakula.

Baadaye mameneja wa maghala mengine walipokuja kujisifu kwa wingi wa kamera zao, Mkwinda aliwauliza jambo moja tu: picha zao zinapita wapi? Wakishindwa kumjibu, aliwaambia maneno ambayo leo mmeyasikia kwa mwenyekiti. Kuona kwingi kusikofika ni hatari kuliko kutoona, maana asiyeona huuliza, na anayedhani ameona huhukumu. Ndiyo maana tunasema: ukiongeza macho, panua njia.