Msiba wa Punda Kishindo

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya watoto walioshiba? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sogeeni karibu na moto. Na wewe Sinde, acha kumfinya mwenzio.

Hapo zamani za kale, enzi hizo punda wanasema kama sisi, palikuwa na uwanda mweupe wa chumvi. Upande mmoja waliishi watu wa Milimani, upande wa pili watu wa Bondeni. Watu wa Milimani walisema uwanda ni wao. Watu wa Bondeni walisema uwanda ni wao. Wakapigana, wakachoka, wakapumzika, wakapigana tena. Na kwa kuwa kila mtu alishinda ameshika mkuki akimchungulia mwenzake, hakuna aliyepata nafasi ya kuchemsha chumvi. Pande zote mbili walikula mboga chapwa, wamenuna.

— Chapwa kabisa, bibi?

Chapwa kama maji ya kuoshea vyombo.

Siku moja akafika mama mmoja, jina lake Nyamizi. Kwao mvua ilikatika, visima vikakauka, akahama na binti yake Kabula mgongoni, na punda wake Kishindo. Huyo Kishindo alikuwa na mdomo, nyie! Alisema hata asipoulizwa.

Nyamizi akautazama uwanda, akafurahi. "Kishindo, hapa tutachemsha chumvi, tubadilishe na mtama, mtoto ale. Tukiikosa hii, sijui nitampa nini."

"Mimi nitabeba," akasema Kishindo. "Lakini na mimi nile."

Basi wakaenda upande wa Milimani. Nyamizi akakwangua udongo wa chumvi, akauchuja kwa maji, akateleka chungu, akachochea moto. Maji yakachemka, yakapungua, chumvi ikaanza kuonekana. Mara wakatokea watu na mikuki yao, mbele yao Jumbe Lugembe na kitambi chake.

"Hapa ni kwetu! Ondoka!"

Wakakipiga chungu teke, chumvi yote ikamwagika.

— Maskini!

Maskini kweli. Nyamizi akafunga mzigo, wakaenda upande wa Bondeni. Akakwangua, akachuja, akateleka, akachochea. Chumvi ikaanza kuonekana. Mara wakatokea watu na mikuki yao, mbele yao Jumbe Kitojo, mrefu, mwembamba, miguu kama mwiko. Wakasemaje?

— "Hapa ni kwetu! Ondoka!"

Ehee! Teke likapigwa, safari hii chungu kikapasuka. Kikabaki kimoja tu, cha uji wa Kabula. Mtoto akalia njaa, na mama naye akalia. Hapa huwa naona uchungu hata mimi.

"Sasa twende wapi, Kishindo?"

"Twende katikati," akasema punda. "Pale wote wanapaogopa."

Wakaenda katikati. Nyamizi akakwangua, akachuja, akateleka kile chungu cha uji, akachochea. Chumvi ikakauka vizuri, nyeupe! Lakini moshi ulionekana pande zote mbili, na watu wakaja mbio.

"Huyu mgeni tutamfukuza sisi!" akafoka Lugembe.

"Mna haki gani ya kumfukuza? Tutamfukuza sisi!" akafoka Kitojo.

Mikuki ikainuliwa huku, mikuki ikainuliwa kule, na Kabula yuko katikati. Kishindo akaona mtoto atauawa. Akaanguka chini, puu! Miguu juu, ulimi nje.

— Amekufa, bibi?

Ngoja! Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: penye msiba, silaha huwekwa chini mpaka chakula cha matanga kiliwe. Nyamizi akaelewa haraka. Akapiga yowe, "Uuuwi! Kishindo wangu mimi!" Mikuki ikalazwa chini yote.

"Pole, mama," akasema Lugembe. "Tutamzika sisi, upande wetu."

Kitojo akashtuka. Alijua ujanja huo, maana katika nchi ile, penye kaburi la mtu ni pa ndugu zake, hakuna wa kuwahamisha. "Marehemu ni ndugu yetu!" akasema upesi. "Tutamzika sisi."

"Ndugu yenu tangu lini? Ndugu yetu sisi! Hamuoni hilo tumbo? Ni la jumbe wetu hasa!"

"Na hiyo miguu? Ni ya jumbe wetu, kama kamzaa yeye!"

Watu wakaanza kucheka, wakajizuia, wakacheka tena. Kila upande ukaapa mbele ya watu kuwa punda ni ndugu, kila upande ukachimba kaburi lake. Wanawake wakaja kupika chakula cha matanga. Kuni zilitoka Milimani, maji yalitoka Bondeni, na chumvi ilitoka kwenye chungu cha Nyamizi. Wakala pamoja, na kile chakula kilikuwa na ladha, jamani! Wakaanza kumsifu marehemu.

"Alikuwa mpole," akasema mmoja.

"Tena mkimya," akasema mwingine. "Hakuwa na maneno mengi."

Kishindo angevumilia yote, si hilo. "Nani mkimya?" akasema, akainuka.

Weee! Watu wakatawanyika. Lugembe akatumbukia kaburi moja, Kitojo akatumbukia la pili.

— Ha ha ha! Na kitambi chake!

Na kitambi chake chote. Wakatolewa, vumbi mpaka puani, hasira zimewapanda. "Leteni mkuki wangu!"

"Wa nini?" akauliza Kishindo. "Mmeshakula matanga pamoja. Tangu lini waliokula matanga pamoja wakachomana? Nijibuni mambo machache tu. Makaburi haya ni ya nani?"

"Yako," wakanung'unika.

"Na penye kaburi ni pa nani?"

"Pa ndugu wa marehemu."

"Ndugu zangu ni akina nani?"

Lugembe akamtazama Kitojo, Kitojo akamtazama Lugembe. Walishaapa, na watu wote walisikia.

"Ni sisi," akasema Lugembe.

"Na sisi," akasema Kitojo.

"Na huyu mama aliyenilea, ambaye mlitaka kumfukuza?"

Majumbe wakainamisha vichwa. "Na yeye," wakasema kwa pamoja. "Akae."

Nyamizi akakaa. Milimani wakaleta kuni, Bondeni wakaleta maji, yeye akawafinyangia vyungu, na watu wa nchi za mbali wakaja na mtama wao kutafuta chumvi. Kabula akanenepa mashavu. Na watu wale wakawa watani. Wakikutana huitana punda, na hakuna anayekasirika.

Basi wanangu, uwanda waliougombea kwa mikuki haukumlisha mtu. Siku walipokaa kula pamoja, ukawalisha wao na mgeni wao. Na ninyi mkigombea kitu, kumbukeni hilo kabla hamjafinyana.

Hadithi yangu imekomea hapo. Chumvi iliyobaki, gawaneni.