Mbeba Magunia na Msuli Usioonekana

"Msuli usioonekana ndio ubebao nyumba." Mmemsikia bibi yenu akimrushia jirani maneno hayo, mkacheka, kisha mkanijia mimi mniulize yalikotoka. Haya, wajukuu ni watani wangu, sitawaficha. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia kwangu mwenyewe.

Nilikuwa mbeba magunia katika soko la Uyole. Wenzangu waliniita Winchi, maana gunia la viazi nililipandisha kwenye lori peke yangu. Lakini nilipofika miaka arobaini na mitano, mambo ya chumbani yaligoma. Nikaona aibu. Nikahamia kulala kwenye benchi la sebuleni, nikisingizia mgongo. Nikanunua unga wa mizizi kwa mchuuzi. Moyo ukanienda mbio, na kule hakuna kitu. Mjinga mimi!

Mwezi wa nne wa kulala benchini, nilirudi nyumbani nikamkuta Subilaga, huyu bibi yenu, anafunga sanduku.

"Nakwenda kwetu Tukuyu," akasema. "Huyo mwanamke wako mpya na aje akupikie."

"Mwanamke gani, mama Atupele?"

"Basi niambie kwa nini unanikimbia."

Nikasema, "Sina mwingine. Mwili umegoma, nami nimeona haya kukwambia."

Akanitazama sana. Kisha akaketi juu ya sanduku, akalia. "Miezi minne najiona sifai, kumbe mwenzangu unaumwa! Kesho tunakwenda hospitali, sote wawili."

Daktari alinipima presha na sukari, akanikataza sigara, akanipeleka kwa kijana wa mazoezi ya viungo, Lusekelo.

"Baba," akasema yule kijana, "kuna misuli chini ya kiuno, ile unayoibana ukitaka kuzuia mkojo. Ikilegea, nguvu za kiume nazo huweza kupungua. Ibane, hesabu mpaka tano, iachie, hesabu tano tena. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni."

Nikaziba pumzi, nikatumbua macho, nikakaza tumbo, matako na shingo, kama tulivyozoea kabla ya kunyanyua gunia. Subilaga akaangua kicheko.

"Hapa hakuna lori, baba!" akasema Lusekelo. "Pumua. Tumbo liache. Aliyeketi mbele yako asijue kitu."

Asijue kitu! Mimi niliyezoea kushangiliwa! Wiki mbili nzima nilishindwa. Baadaye nikajifunza. Nilikaa juu ya magunia nikingoja lori, nabana, naachia, wenzangu wakidhani nahesabu magari. Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, dalili. Wa tatu, benchi nikaliachia wageni.

Siku moja wenzangu walikuja kunywa chai. Mmoja akasema, "Shemeji, una bahati. Mikono ya Winchi ndiyo inayoishika nyumba hii!"

Subilaga akaendelea kumimina. "Mikono ni ya magunia, shemeji. Msuli usioonekana ndio ubebao nyumba."

Nilipaliwa na chai. Wao hawakuelewa, ila neno liliwapendeza, wakalipeleka sokoni, na leo limewafikia ninyi.

Namshukuru Lusekelo mpaka kesho. Zaidi namshukuru yule aliyelikalia sanduku badala ya kulibeba. Ndilo hilo mlilokalia, wajukuu zangu. Tangu siku ile halijatoka mlangoni. Msuli usioonekana ndio ubebao nyumba.