Mawe Meupe ya Kapteni

Kapteni Hadlo alifika Msufini na tangazo: ardhi yote itakayozungushiwa mawe meupe imetengwa kwa mitambo ya simu ya upepo, yaani redio, ya jeshi. Atakayeingia bila kibali chenye muhuri atafungwa miezi sita.

Alichokitaka ni uwanja wa kijiji, ambako wanawake walianika mihogo. Bi Mwanamvua, mfinyanzi, ndiye aliyeamriwa kuyapaka mawe chokaa na kuyapanga.

"Na akija mkubwa asiye na kibali, bwana?" aliuliza kwa unyenyekevu.

"Azuiwe."

"Hata akikasirika?"

"Hata akilia! Hata nikiwa mimi mwenyewe! Koplo Ndaro, umesikia?"

"Ndiyo, afande!"

"Basi bwana ukaoge kwa raha zako," alisema Bi Mwanamvua. "Ukirudi utakuta mawe yamepangwa."

Kapteni akachukua sabuni, akashuka mtoni, akaogelea mpaka vidole vikamkunjamana.

Aliporudi amejifunga taulo, alimkuta Koplo Ndaro na bunduki mbele ya nyumba aliyofikia. Mawe meupe yalikuwa yameizunguka nyumba nzima, pamoja na choo.

"Kibali, afande," alisema koplo.

"Vibali vimo ndani! Muhuri umo ndani! Suruali yangu imo ndani!"

"Amri ni amri, afande."

Kijiji kizima kilikuwa kimeshakusanyika. Bi Mwanamvua akasogea na kalamu na lile tangazo.

"Andika hapa kwamba limefutwa, bwana," alisema. "Tumia mkono mmoja tu. Wa pili ushikilie taulo."