Jogoo wa Nyegere

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, ni ile ya kabla simu yako haijapasuka kioo, waandishi watatu wa programu walitengeneza Nyegere, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Wa bure! Ukiutaka chukua, ukitaka kuuchokonoa chokonoa. Mwatime aliunda kiini. Chande aliunda sauti. Shekue alishika mlango: haliingii badiliko bila wawili kulikubali.

Siku moja Chande akataka kompyuta ikiwashwa iwike kama jogoo.

"Hii mashine au banda?" Mwatime akacheka.

"Banda ni kichwa chako, dada!"

Basi! Chande akabeba nakala yake, akahama. Mwatime kwa hasira akaifuta sauti yote ya Chande. Shekue akaitikia, mradi kelele ziishe.

Zikaisha kweli. Kule kilimani, kwenye redio ya mji, Bi Kibena aliwasha kompyuta yake yenye Nyegere mpya, awaonye watu wa bondeni kwamba mto umefura. Bubu! Akawapigia simu wale watatu: "Wanangu, maji yanakuja na mimi sina sauti!"

Chande akairudisha sauti yake mbio mbio, jogoo akiwa ndani.

"Haijapimwa!" Mwatime akakataa.

Shekue akavunja sheria, akaipitisha peke yake.

Kokoriko! Ikawika, ikawika, hainyamazi! Bi Kibena hakupata nafasi ya neno hata moja. Bondeni watu wakavunjika mbavu: "Bi Kibena kafuga kuku redioni!" Wakapanda kilima, wazee kwa watoto, wakamzomee. Kugeuka nyuma, nyumba zinaelea. Hakuzama mtu.

Bi Kibena akawaita wale watatu. "Mkigombana tena tutakufa. Mmoja tu ashike ufunguo wa Nyegere, neno lake liwe la mwisho. Nani?"

"Mimi," Chande akatamba. "Jogoo wangu kawapandisha kilima!"

"Jogoo asiyejua kunyamaza?" Mwatime akabetua mdomo. "Tungempima, mama angesema mwenyewe. Na kasimama juu ya kiini cha nani?"

"Mngepima mpaka kambale waingie sebuleni," akasema Shekue. "Mlango niliufungua mimi."

"Na sauti ilipofutwa, mlango ulikuwa kwa nani?" Chande akamrukia.

Jogoo naye bado anawika.

Haya, mabingwa wa kubisha, leo nimewakamata! Chande aliyehama, Mwatime aliyefuta, Shekue aliyepitisha yote mawili: je, ufunguo alistahili nani?