Jiwe Chini ya Lango

Katika mtaa wa Ndosho, mjini Goma, hakuna udongo wa kujivunia. Ukichimba shubiri moja tu unakutana na jiwe jeusi lililomwagwa na mlima wa moto, na kila anayejenga huko hujenga juu ya jiwe na kwa jiwe, apende asipende. Muzee Useni alijenga huko vyumba sita kwa safu moja, akavizungushia ukuta wa mawe hayo hayo, kisha akatundika lango la chuma la rangi ya kijani. Lilikuwa lango la kutazamika. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba halikufungika.

Chini yake, mahali ambapo bamba la chuma lilipaswa kupita, palichomoza jiwe la ukubwa wa ngumi mbili. Lango likisukumwa liligota hapo na kubaki wazi, ikabaki nafasi ya mtu kupitisha bega. Komeo halikulifikia tundu lake hata siku moja. Wapangaji walilifunga kwa ukanda wa mpira wa gurudumu, na ukanda wa mpira, jamani, hukatwa hata kwa kisu cha kumenyea viazi.

Muzee Useni hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema ili msomaji asije akamtafutia pembe kichwani. Alikaa mtaa wa Mabanga, baba zake walikuja na biashara kutoka Maniema, na yeye mwenyewe aliendesha malori miaka thelathini bila kumdhulumu mtu. Alikuwa hakosi swala, hasemi uongo, na mpangaji akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika na mfuko wa mchele. Ila alikuwa na ugonjwa wa wenye nyumba wengi: jambo lisilomuuma yeye lilikuwa dogo.

Katika chumba cha kwanza, hatua kumi kutoka langoni, walikaa Habumugisha na mkewe Mukashyaka, pamoja na binti yao Dative mwenye umri wa miaka sita. Walikuwa wamekimbia vita vya Rutshuru wakiwa na cherehani moja na godoro moja. Mukashyaka alishona sare za wanafunzi. Habumugisha alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi yake kubwa, chekeni kama mnaweza, ilikuwa kutengeneza malango. Nusu ya malango ya barabara ile yalipita mikononi mwake, yakafungwa vizuri kwa watu wengine, kisha jioni yeye akarudi kulala nyuma ya lango la ukanda wa mpira.

Siku moja Muzee Useni alipokuja kutembelea nyumba zake, Habumugisha alimsogelea kwa adabu, kofia mkononi.

"Muzee, mulango wako ni muzuri. Shida ni hili jiwe. Mutaa umeharibika, bunduki zimekuwa nyingi. Tunaogopa."

Muzee Useni aliliangalia jiwe, akaligusa kwa ncha ya kiatu. "Hili? Kijana, jiwe kama yai! Mimi nimepita porini na lori, nikalala peke yangu na mzigo, sikufa. Tutaona."

"Basi unipe ruhusa tu, papa. Nina tindo, nina nyundo. Jumapili nikitoka kanisani ninalivunja. Sitakuomba kitu."

Hapo uso wa mzee ukabadilika. Alikuwa ameona wapangaji wa watu wengine waliobandika bati moja, kisha wakataka kupunguziwa kodi, na wengine wakaanza kujiita wenye nyumba. "Hapana," alisema. "Mupangaji haguse ukuta wa mutu. Nyumba iko na mwenyewe. Mimi ndiye nitaleta mwashi."

Habumugisha akarudi nyuma. Mwashi hakuja mwezi ule, wala mwezi uliofuata. Kila alipoulizwa, mzee alijibu kwa upole kwamba tutaona, na kwa kuwa alijibu kwa upole, hakuna aliyethubutu kumgombeza.

Sasa, watu wa Ndosho wana ulinzi wao. Majambazi wakivamia nyumba, waliomo hunyakua sufuria na kuipiga kwa mwiko kwa nguvu zote. Jirani akisikia, hupiga yake huku akitoka nje, na wa tatu hupiga yake, mpaka mtaa mzima unalia na wanaume wamejaa njiani na fimbo. Mwizi hata awe na bunduki huogopa umati. Sufuria ndizo polisi wa maskini, na sheria yao ni moja tu: ukisikia, utoke.

Mwezi wa tano, jioni moja, Nsimire, mama mjane wa chumba cha pili, aliuona mkono wa mtu ukipapasa ukanda wa mpira. Akapiga sufuria. Majirani wakatoka mbio, Kambere wa ng'ambo ya ukuta akiwa mbele yao na panga, lakini mwenye mkono alikuwa ametoweka. Watu walipumua, wakataniana, wakarudi kwao. Bahati mbaya ni kwamba siku ile familia moja ilikuwa imekuja kuangalia chumba cha sita kilichokuwa kitupu. Waliposikia kelele zile walimwambia Muzee Useni asante, wakaenda kupanga kwingine.

Mzee aliumia. Si kodi tu iliyomuuma, bali jina. Nyumba za Useni ziitwe nyumba za wezi! Mtu mwingine angemwita mwashi kesho yake. Yeye alivaa kofia yake ya darizi, akapita nyumba moja moja zilizopakana na zake, akakaribishwa chai kwa heshima, na kila mahali akasema maneno yale yale.

"Majirani, munisamehe sana. Wapangaji wangu ni watu wa kutoka vitani, mioyo yao bado inakimbia. Paka akiruka, wanapiga sufuria. Mukizisikia tena, musijisumbue. Ni boga tu, hofu ya vita."

Nani angembishia mzee ambaye hajawahi kusema uongo? Kambere aliitikia kwa kichwa, na wengine vivyo hivyo. Wapangaji hawakuambiwa neno. Mukashyaka aliendelea kutundika sufuria yake kubwa kwenye msumari kando ya mlango, mwiko ndani yake, na kila alipoitazama moyo wake ulitulia, maana aliamini mtaa mzima uko nyuma ya sufuria ile.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, saa moja ya jioni, mvua ilikuwa imekatika na umeme haukuwapo. Mukashyaka alikuwa anasonga ugali, Dative anachambua sombe, yale majani ya muhogo, kwa mwanga wa taa ya simu, na Habumugisha ameketi kizingitini ananawa miguu. Akasikia ukanda wa mpira ukikatika. Akainuka na miguu yake yenye maji, akakimbia langoni.

Mtu mmoja alikuwa tayari amepitisha bega na kichwa katika ile nafasi. Habumugisha hakufikiri mara mbili. Alijitupa juu ya lango kwa uzito wake wote, akambana yule mtu kati ya chuma na ukuta, akabaki hapo amemshikilia. Lango lingefungika angemsukuma nje, akapiga komeo, na habari ingeishia hapo. Lakini jiwe lilikataa. Hakuweza kufunga, na hakuweza kuachia, maana nje alisikia sauti za wengine wawili wakisukuma.

"Mama Dative, piga!" alipiga kelele. "Piga! Nimemushika!"

Mukashyaka alinyakua sufuria, akaipiga. Nsimire naye akatoka na yake; wapangaji wa vyumba vingine walikuwa bado hawajarudi kutoka kazini. Sufuria mbili zililia katika giza lile kama wendawazimu, na wanawake wale wakapaza sauti wakiwaita majirani kwa majina.

Ng'ambo ya ukuta, Kambere alikuwa anakula na familia yake. Mkewe aliacha tonge njiani.

"Baba, unasikia?"

"Ninasikia. Ni bale wapangaji ba kwa Useni," Kambere alijibu. "Muzee alisema tusijisumbue. Kula."

Mkewe alisita, kisha akala. Katika nyumba nyingine tatu ilikuwa hivyo hivyo. Mmoja alicheka kabisa, akasema leo paka wamekuwa wengi.

Langoni Habumugisha alikuwa anatetemeka kwa kusukuma. Alikuwa mtu wa nguvu, lakini nguvu za mtu mmoja zina mwisho. Angeweza kuachia, akakimbilia chumbani na kujifungia. Wezi wangechukua cherehani na simu, na kesho wangeanza upya kama walivyowahi kuanza upya. Hakuachia kwa sababu aliujua mtaa wake.

"Banakuya?" aliuliza kama wanakuja, bila kugeuza kichwa.

Mukashyaka aliangalia juu ya ukuta. Hakuona taa wala hakusikia sufuria ya tatu. "Banakuya!" alijibu, kwa sababu hakukuwa na jibu lingine la kumpa mume aliye katika hali ile. "Shikilia, baba, banakuya!"

Akashikilia. Kisha mmoja wa wale walio nje akaingiza mtutu wa bunduki katika ile nafasi, pale pale ambapo komeo lilipaswa kuwa, akafyatua.

Mlio wa risasi hauna mjadala. Mlango wa Kambere ulifunguka, milango yote ikafunguka, mtaa ukajaa watu, na sufuria zikaanza kulia kila upande. Majambazi walikwisha kukimbia. Hawakuchukua hata kijiko. Habumugisha alilala kwenye matope, mkono wake ungali umeshika chuma, na Mukashyaka akiwa amekipakata kichwa chake.

"Kwa nini hawakuji?" alimwuliza mkewe kwa sauti ndogo. Watu walikuwa wamemzunguka pande zote, lakini nadhani hakuwaona.

Walimpandisha pikipiki kumkimbiza hospitali, Kambere akimshika kwa nyuma. Hawakufika nusu ya njia.

Matanga yalikuwa ya siku tatu. Siku ya pili Kambere, ambaye tangu msiba uingie alikuwa hali wala halali, alipiga magoti mbele ya Mukashyaka akalia kama mtoto, akaeleza kila kitu: kofia ya darizi, chai, na maneno ya musijisumbue. Mukashyaka hakulia wala kumlaumu. Alimwinua tu, akamwambia aende akapumzike.

Alasiri ile Muzee Useni alifika na mfuko wa mchele, kama ilivyokuwa desturi yake. Aliingia kwa lango lile lile lililo wazi. Hakuna aliyempokea mfuko, akausimamisha chini mwenyewe.

"Mama, pole sana," alisema. "Ni mapenzi ya Mungu."

"Asante, papa," Mukashyaka alijibu. "Nina neno moja la kukuuliza. Bwana yangu angemuachia yule mwizi, angekuwa hai. Alimushikilia kwa sababu alijua majirani wanakuja. Mimi mwenyewe nilimwambia wanakuja. Lakini wewe, papa, ulikuwa unajua kama hawakuji. Kwa nini hukutuambia?"

Mzee alitazama chini, na macho yake yakaangukia mahali ambapo damu ilikuwa imesafishwa na maji, jiwe likiwa limebaki. Aligeuka akatoka, kofia mkononi. Mfuko wa mchele ulikaa pale hadi mvua ilipouloanisha.

Mkuu wa mtaa alikuja na daftari, akauliza, akaandika, akaenda zake. Waliofyatua risasi hawakujulikana. Baada ya wiki mbili Mukashyaka alimlipa kijana wa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, akapakia cherehani na godoro, akamshika Dative mkono, akaenda kujibana kwa dada yake. Nsimire alihama mwezi ule ule. Wengine wakafuata mmoja mmoja, bila matusi na bila kuaga, na kila aliyekuja kuuliza chumba alielezwa na wapita njia kabla hajafika kwenye ukuta. Hata msikitini, Muzee Useni akisema jambo, watu walimsikiliza kwa adabu kisha wakaenda kumwuliza mwingine kama ni kweli. Hilo lilimmaliza kuliko vyumba vitupu.

Mwanzoni mwa mwaka alimleta mwashi, mzee mwenzake kutoka Bukavu aitwaye Mulumeoderhwa. Mwashi aliweka tindo, akapiga nyundo. Jiwe likapasuka vipande vitatu. Akasawazisha, akafagia, akasukuma lango, nalo likapita na komeo likaingia tundu lake. Chai aliyowekewa ilikuwa bado ya moto.

"Muzee, kazi ingine iko wapi?"

"Ni hiyo tu."

"Hiyo tu?" Mulumeoderhwa alicheka. "Ungemuambia hata mupangaji wako mmoja, angelitoa Jumapili!"

Muzee Useni aliketi kwenye kizingiti cha chumba cha kwanza, akaanza kulia kwa sauti, bila kujificha. Mwashi alishangaa, akadhani amemkosea heshima, akaomba radhi mara mbili. Kisha akakusanya vyombo vyake akaondoka, akimwacha mzee peke yake ndani ya ukuta, na milango sita isiyo na watu, na lango linalofungika.

Sisi tuliobaki Ndosho tulizika rafiki kwa ajili ya jiwe ambalo nyundo ililimaliza kabla chai haijapoa, na hakuna anayetuambia tusiseme: mdharau mwiba, mguu huota tende.