Mstari Mmoja wa Jina

"Bibi, ungenyamaza tu, mmoja wetu angekwenda."

Hivyo ndivyo alivyoniambia Sechela, mjukuu wangu, leo asubuhi, kasimama hapo mlangoni na ungo mkononi, wala hanitazami. Nikamwambia, mama, mimi nilitaka haki. Akasema, "Haki gani, Bibi? Haki imekaa nyumbani, na sisi tumekaa nyumbani." Akaenda kupepeta mtama wake.

Basi nyinyi mliokuja kunisalimu, kaeni niwape kesi mniamulie. Mimi mlango wa shule sikuuona, lakini ugomvi wote wa ukoo huu ninao kichwani. Wa mbuzi ninao, wa mpaka ninao, wa bibi arusi aliyerudishwa na kapu lake ninao. Huu mmoja ndio umenishinda.

Hapo zamani, si zamani ya wakoloni, ni zamani ya karibu, mvua mbili tu zimepita, nilikuwa na wajukuu watatu katika kaya hii, wote wanafunzi wa sekondari. Sechela wa mwanangu mkubwa. Nyemo wa mwanangu mdogo. Yaredi wa binti yangu. Kwetu huku Ugogo ngoma wanapiga wanawake, wanaibana mapajani. Basi Sechela anapiga, Nyemo anapiga, Yaredi anaruka na njuga miguuni. Wanakula sinia moja. Wakigombana asubuhi, mchana wamesahau.

Akaja Mwalimu Chilongani wa shuleni kwao. Akasema mjini kuna tamasha la ngoma, na kabla ya tamasha kuna mafunzo ya siku kumi, wanafunzi wanafundishwa na mafundi wa ngoma kutoka kila upande. Watu wa tamasha wanatoa ufadhili. Nauli yao, kulala kwao, kula kwao. Jumamosi watapita kuwatazama vijana wetu.

Sechela akanivuta pembeni. "Bibi, mimi namaliza shule mwaka huu. Wanachukua wanafunzi tu. Kwangu mlango huu haufunguki mara mbili." Nikamsikia.

Jumamosi ikafika, gari likafika, akashuka mama mmoja wa tamasha na daftari lake. Tulishapanga. Nyemo atangulie kupiga na Yaredi aruke, halafu Sechela ashike zamu yake.

Sasa ngoma ikilala, ngozi inalegea. Lazima iote moto ndipo iseme. Nyemo akaiweka yake kwenye moto wa mabua nyuma ya nyumba, akaenda kufunga khanga. Aliporudi, ngozi imepasuka ukingo hadi ukingo. Akakaa chini kwenye majivu. Hakulia. Alisema tu, "Nimeiweka karibu mno."

Uwanjani mama wa tamasha anatazama saa. "Kama hawako tayari, tuna vijiji viwili mbele." Daftari likafungwa.

Yaredi akaingia peke yake. Hakuna ngoma, njuga tu. Akaruka. Akaruka huku anawatania wageni: "Kaeni, mama, ngoma inavaa nguo. Mliwahi kumkuta bibi arusi amevaa mapema?" Watu wakacheka, mama akacheka, daftari likafunguka. Mtoto akaruka mpaka njuga zikamchubua, damu ikashuka kwenye visigino. Akaruka tu.

Nyuma ya nyumba Sechela anamtazama mdogo wake pale kwenye majivu.

"Inuka."

"Niinukie nini, dada?"

"Chukua yangu."

"Na zamu yako?"

"Zamu haipo tena, hawatasubiri wapigaji wawili. Chukua, Nyemo, yule mtoto anakufa kule kwa kuruka."

Nyemo akachukua ngoma ya Sechela, akaenda, akapiga. Nitasemaje alivyopiga? Mzee Mahoma, jirani yangu, tangu amzike mkewe alikuwa hatoki ndani. Siku ile alitoka, akasimama kwenye uzio wa miiba na bakuli la uji mkononi, mpaka uji ukapoa.

Mama wa tamasha akafuta macho. Akamwambia mwalimu, "Nafasi ni moja. Nimemsikia mmoja akipiga, nimemwona mmoja akiruka, na nimeambiwa yuko mmoja aliyetoa ngoma yake akakosa zamu. Mimi siwezi kuwachagua. Wao wanajuana. Nipe jina moja kabla ya Ijumaa saa sita."

Ikaachwa fomu. Mimi sijui kusoma, lakini niliiona. Pa kuandika jina pana mstari mmoja.

Jioni ile ile, sikilizeni hapa, jioni ile ile walishamaliza wenyewe. Sechela alisema, "Aende Nyemo." Nyemo akasema, "Aende dada, ndiye anayemaliza shule." Yaredi akasema, "Mimi siendi, nina mke hapa. Nikimwacha siku kumi Mzee Mahoma atanichukulia." Mke ni mimi huyo, ndivyo alivyokuwa akiniita, utani wa wajukuu. Tukacheka. Nyemo akasema tena, "Aende dada." Nikaona macho ya Sechela yamelowa. Yangeishia hapo.

Nikasema, "Hapana. Hivyo ni kupeana haya. Kila mmoja aseme alichofanya, nipime."

Nani aliniomba nipime?

Nyemo hakutaka. Nikamsukuma: sema, mama, usione haya. Akasema, taratibu, "Basi waliyemsikia ni mimi. Ngoma haisemi kwa kuwa na mwenyewe, inasema kwa mkono. Mimi nilipiga."

Sechela akageuka. "Mkono huo umefundishwa na nani? Ngoma ilikuwa ya nani? Wewe ulikuwa umekaa kwenye majivu. Mimi nilitoa."

Yaredi akasema, "Nyie mnagombea wageni ambao wangekuwa wameshaondoka. Bila miguu yangu, Nyemo angewapigia kuku. Mimi nilishikilia." Hakutania. Na kuanzia siku ile hakuniita mke wangu tena. Ananiita Bibi.

Nikawauliza tena, kama anayekoroga uji. Mimi nilipiga. Mimi nilitoa. Mimi nilishikilia. Kila wakirudia, neno linakuwa gumu zaidi. Mpaka Sechela akatoa lile lake: "Na tena, ngoma yake aliichoma mwenyewe. Angeangalia moto, angepiga yake na mimi ningepiga yangu. Mtu achome ngoma yake, halafu apewe zawadi juu ya ngoma ya mwenzake?"

Nyemo akainamisha kichwa. "Ni kweli. Niliiweka karibu mno."

Hapo wote wakanigeukia mimi. Nami nikasema, bado napima.

Jumatatu, napima. Jumanne, napima. Jumatano Sechela akahamisha ngoma yake kwa mama yake. Alhamisi Nyemo akala peke yake, sinia likabaki na pengo. Ijumaa Mwalimu Chilongani akaja na pikipiki, fomu mfukoni.

"Bibi, jina."

"Mwalimu, kesi haijaisha."

Nikampa uji, akanywa. Nikampa mwingine, akanywa. Saa sita ikapita tukiitazama. Akasema, "Bibi, hata jina la kubahatisha?" Nikachukua bakuli lake, nikaliosha. Akapiga simu, wakamwambia nafasi imeshakwenda kijiji cha pili. Mtoto wa watu akaenda, akarudi, sasa anafundisha ngoma shuleni kwao. Tunawasikia huku upepo ukivuma.

Yaredi alitundika njuga, kuku wanalalia. Sechela alimaliza shule, huyo hapo nje anapepeta. Nyemo alihamia Manyoni kwa wajomba zake. Wanasema kwenye arusi huko akipewa ngoma anampa mwingine, anasema mkono wake unachoma.

Mtaniuliza, Bibi, wewe mwenye kesi zote kichwani, ilikushinda nini kutoa jina moja?

Haya. Siku ile, Nyemo alipokwenda kufunga khanga, mimi nilipita pale motoni. Nikagonga ngozi kwa kidole, nikaona bado inasema chini. Aliiweka mahali pake kabisa, mtoto yule. Mimi nikaisogeza ndani zaidi, motoni. Nikaongeza mabua, mzigo mzima. Akapita mama Ndalu na habari za mkwe wake aliyefukuzwa, na mimi masikio yangu yana njaa ya ugomvi, nikamfuata mpaka kwenye uzio. Nilisikia nyuma yangu, pa. Nikajua. Sikugeuka.

Sasa mngeniambia nihukumu nini? Nimpe Sechela, nampa kwa neno ambalo najua si kweli. Nimpe Nyemo, wataniuliza, na ngoma aliyoichoma je? Nimpe Yaredi, nimewakimbia wote wawili. Nilinyamaza pale pa kusema, nikasema pale pa kunyamaza, na mtoto akabeba moto wangu mpaka Manyoni.

Mnasikia? Ungo umenyamaza huko nje. Sechela amesikia. Huyo nitaongea naye mwenyewe, kama atakubali kukaa.

Lakini wewe, mama Mateya, si unakwenda Manyoni keshokutwa kumwona mwanao? Fika kwa Nyemo. Usianze na salamu zangu, anza na mabua. Mwambie, bibi yako ndiye aliyeongeza mabua. Akishasikia hilo, ndipo umpe hili swali, na nyinyi wengine, wote mtakaowakuta njiani wapeni, na jibu lisirudi kwangu, mimi nilishapima vya kutosha. Yupo aliyepiga. Yupo aliyetoa. Yupo aliyeshikilia. Mstari ni mmoja.

Je, nani alistahili?